Boza la Mjomba lilivyonifikisha Ijuganyondo

Mtu akikuambia anakwenda Bukoba kununua gari la kubebea maji, utamwonaje? Mimi nilicheka mpaka machozi. Bukoba, jamani! Mji umekaa mdomoni mwa Ziwa Victoria, na mvua yake inaweza kukunyeshea asubuhi, mchana na jioni kama dozi ya hospitali. Kwa mwaka mji ule hupata mvua ya kama milimita 2,000, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Kupeleka boza Bukoba ni sawa na kupeleka mchanga Coco Beach.

Mama hakucheka. Alifungua kibubu chake, akanihesabia nauli.

"Nenda ukaone kwa macho yako," alisema. "Mjomba wako anataka kuuza kipande cha kibanja ili anunue hilo gari. Bibi yako kanipigia simu analia."

Kicheko changu kilikatika kama redio iliyoisha betri.

Kwa wewe ambaye hukulia kwa Wahaya, ngoja nikufahamishe. Kibanja si shamba tu. Ni nyumba, ni migomba iliyoizunguka, ni mikahawa iliyojificha chini ya migomba, ni maharage chini ya mikahawa, na mara nyingi kule nyuma ni makaburi ya waliotangulia. Kinarithiwa ndani ya ukoo, na mrithi huitwa musika. Sasa kumsikia musika mwenyewe anataka kukata kipande akiuze ni sawa na kusikia nahodha wa timu yako ameuza mechi.

Basi Julai 2025 nikapanda basi pale Mwanza. Safari yenyewe siku hizi raha tupu. Zamani ulikuwa unakaa Kigongo unasubiri kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yanakuisha mkononi. Mwezi mmoja kabla ya safari yangu, Juni 19, Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa, kilomita tatu za lami juu ya maji. Abiria wote tulichungulia dirishani kama watoto. Sengerema, Geita, mpaka Muleba. Ukishafika Muleba hewa inabadilika, migomba inaanza kukufuata barabarani kulia na kushoto, na kondakta anaanza kuongea Kihaya.

PALE PENYE NYUNDO

Ijuganyondo ni moja ya kata za Manispaa ya Bukoba. Usitegemee maghorofa na taa za rangi. Ni manispaa kwa jina la barua, lakini ukitoka barabarani hatua ishirini tu umeshamezwa na migomba. Nyumba za bati zinachungulia kwenye majani, bodaboda zinapita kwenye vijia vyekundu, na harufu ya ndizi mbivu inakukaribisha kabla ya mwenyeji.

Jina lenyewe lina nyundo ndani yake. Wenyeji watakuambia kwamba nyondo ya Kihaya ndiyo nyundo hii hii ya kwetu. Nchi hii ilikuwa na wahunzi wakati ambapo hata neno Bukoba halijulikani. Wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika mwaka 1978 kwamba watu wa huku walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu miaka zaidi ya 1,500 iliyopita. Kwa hiyo ukimsikia Mhaya anajisifu kidogo, mvumilie, ana sababu zake.

Na Mjomba wangu kwa kujisifu, we acha tu. Ni nshomile kamili. Alinipokea kwenye lango la kibanja, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni.

"Mpwa wangu! Umekuja kushuhudia historia," alisema. "Boza la lita 10,000. Elfu kumi! Nani mwingine ukoo huu aliwahi kumiliki chombo cha namna hiyo?"

Bibi alikuwa kibarazani na kikapu chake cha kahawa za kutafuna. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mume wangu, umekonda." Akaniwekea punje chache kiganjani. Nyumba yake ilipata ufa mkubwa siku ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililoangusha nyumba nyingi, na ufa ule Mjomba ndiye aliyeuziba kwa pesa za ng'ombe. Kwa hiyo usije ukadhani huyu Mjomba ni mlevi anayetapanya mali. Hapana. Hapo ndipo ugumu ulipo.

KWANI MAJI HAYAPO?

Swali lako ndilo lililokuwa langu. Mtu anaishi penye mvua kiasi hiki, boza la nini?

Mjomba haishi na ng'ombe wake Ijuganyondo. Ng'ombe 140, pembe ndefu za Ankole, wako kwenye kitalu cha ranchi wilayani Missenyi, mbali ukishavuka daraja la Kyaka. Anashirikiana na wenzake wawili. Na mvua ya Kagera ina upendeleo: inapenda ziwa. Kadiri unavyoliacha ziwa kwenda magharibi, inapungua. Juni, Julai na Agosti nyasi za huko zinakuwa rangi ya simba, na malambo yanabaki tope.

Mto Kagera upo, ndiyo, maji yake hayakauki. Lakini kutoka kitaluni hadi penye kunyweshea ni mbali, na njiani kuna mashamba ya watu. Ng'ombe akitembezwa kilomita ishirini na zaidi kwenda na kurudi, maji aliyokunywa anayamalizia njiani. Kiangazi cha 2024 Mjomba alipoteza ng'ombe 11. Mmoja alikuwa mtamba aliyemwahidi Bibi.

"Mimi nilimwona akianguka," Mjomba alisema, na safari hii hakuwa na Kiingereza wala majisifu. "Anakuangalia tu. Hana hata sauti."

Wala si yeye peke yake. Mwanzoni mwa 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu kule Simanjiro, na ukame wa Kenya wa miaka ile ile uliacha mizoga kandokando ya barabara za kaskazini. Kenya hiyo hiyo kuna bwana mmoja, Patrick Kilonzo Mwalua, ambaye tangu 2016 amejulikana kwa kupakia maji kwenye lori na kuwapelekea tembo na nyati wa Tsavo. Kama tembo anapelekewa maji kwa lori, ng'ombe wa Mjomba ana kosa gani?

Hesabu yake ilikuwa hivi. Ng'ombe mmoja kwenye jua la kiangazi mpe lita 40, pamoja na zinazomwagika. Mara 140 unapata lita 5,600 kwa siku. Boza la lita 10,000 linamaliza kazi kwa safari moja, na chenji inabaki ya kuwauzia majirani. Bei ya boza milioni 42. Yeye ameshauza ng'ombe, ana milioni 30. Pengo milioni 12. Na kipande cha kibanja kinachopakana na barabara, mnunuzi ameshakuja na milioni 12 zake taslimu.

Unaona ilivyokaa? Imepangwa vizuri mpaka inatisha.

NYUNDO INASEMA

Kesho yake asubuhi tulikwenda kuliona hilo dude. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa mtu, hapo hapo Ijuganyondo, chini ya mparachichi. Lori la Kijapani, tairi sita, rangi ya bluu iliyopigwa juzi juzi. Mgongoni tangi la chuma jeupe, limeandikwa MAJI SAFI kwa herufi ambazo bado zinang'aa. Mimi, kusema kweli, nililipenda. Hata nilijiona nimekaa dirishani, kiwiko nje.

Dalali alikuwa kijana wa rika langu, miwani ya jua wakati kuna mawingu.

"Boza la mkandarasi hili," alisema. "Lilikuwa linamwagia maji barabara wakati wa ujenzi. Halijabeba kitu kingine tangu kuzaliwa. Lita 10,000, chukua weka, twende."

Bahati nzuri Mjomba, pamoja na majigambo yake, alikuwa amekuja na fundi. Mzee mmoja mfupi, mkimya, ovaroli lenye viraka, na kwenye mfuko wa nyuma nyundo ndogo. Hakumsalimia dalali kwa maneno mengi. Alianza na kadi ya gari. Akalinganisha namba ya chesesi na ya injini, akazifuta vumbi kwa kidole, akazisoma mara mbili. Zilikuwa sawa. Kisha akamwonyesha Mjomba jambo: kwenye kadi, gari bado ni lori la mizigo la kawaida. Tangi lilifungwa baadaye, na aliyelifunga hakwenda kubadilisha maelezo. Maana yake uzito wa tangi haupo popote kwenye karatasi.

Halafu akatoa nyundo.

Alizunguka tangi akiligonga polepole, sikio karibu na bati, kama daktari anayepima kifua. Ngooo, ngooo, ngooo. Alipofika chini, upande wa nyuma, sauti ikabadilika: tap, tap, tap. Akakwaruza kwa ncha ya bisibisi. Rangi ikabanduka, chini yake kulikuwa na lahamu ya kuzibia, na chini ya lahamu kutu iliyolika bati likabaki kama karatasi ya sigara.

"Hapa pamepakwa poda," fundi alisema.

Dalali akavua miwani.

PAI YA FORM FOUR

Mimi nilisoma nikaishia Form Four. Hisabati ilinipa taabu, na siku zote nilijiuliza ile pai ya 3.14 nitaitumia wapi maishani. Nikaipata Ijuganyondo, chini ya mparachichi.

Fundi alinipa futi kamba akaniambia, "Kijana, pima." Tangi lilikuwa la duara kama pipa lililolazwa. Urefu mita 4. Upana wa duara mita moja na nusu. Nusu ya upana ni 0.75. Zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa urefu 4. Nikapiga kwenye simu: 7.065. Mita ya ujazo moja ni lita 1,000. Kwa hiyo boza la lita elfu kumi lilikuwa boza la lita elfu saba na kidogo!

Mjomba alininyang'anya simu, akapiga mwenyewe. Akapiga tena.

"Hesabu hazina ukoo, Mjomba," nilimwambia. Hakucheka.

Lakini fundi alikuwa bado. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna mjadala. Kadi ilisema lori likiwa tupu, kabla ya tangi, lina kilo 4,900, na uzito wa juu kabisa linaloruhusiwa, likiwa na mzigo wake, ni kilo 12,500. Tangi la chuma, pampu na mabomba, fundi aliyakadiria kilo 1,600. Toa, toa. Kinachobaki ni kilo 6,000. Yaani hata hizo lita 7,000 ukizijaza, umeshalipandisha lori tani moja zaidi ya uwezo wake.

Dalali akadakia: "Mzee, mizani hawakukamati! Ekseli mbili wanaruhusu tani 18!"

Ni kweli, na hapo ndipo wengi tunapotapeliwa. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele na tani 10 ekseli ya nyuma yenye tairi nne, jumla 18. Lakini sheria ile inailinda barabara isivunjike. Breki zako haizijui. Breki zinaijua namba iliyo kwenye kadi tu.

"Basi tutajaza 6,000," Mjomba alisema, sauti imeshuka.

Fundi akapanda juu, akafungua mfuniko, akamulika tochi ndani. Akaniita. Ndani kulikuwa kweupe, pipa tupu toka mwanzo hadi mwisho. Akanieleza kwamba tangi la kusafiria linatakiwa liwe na kuta za chuma ndani, zenye matundu, za kuyakata maji yasikimbie. Bila hizo, ukijaza pungufu, maji yanapata nafasi ya kucheza. Ukifunga breki, gari linasimama, maji hayasimami. Tani sita zinakuja mbele kukusukuma mgongoni. Ukikata kona, zinahamia upande mmoja. Sasa kumbuka Bukoba ilivyokaa: mji uko chini, vilima viko juu, na barabara za kuingia mjini ni za kushuka. Nikaitazama ile ndoto yangu ya kiwiko dirishani, nikaona matanga.

HARUFU YA SAA SITA

Tungeweza kuondoka hapo hapo. Mjomba hakutaka. Akauliza: je, tukitia kuta ndani, tukachomelea pale palipooza, tukakubali lita 6,000? Fundi alisema moto hawashi kwanza. Akatuambia tukae tusubiri jua.

Mawingu yalipoachia, saa sita hivi, bati likapata moto. Fundi akaniita tena kwenye mfuniko. "Nusa."

Asubuhi halikunuka kitu. Sasa lilikuwa linanuka dizeli waziwazi.

"Hili halikubeba maji peke yake," alisema. "Mimi siwashi moto wa kuchomelea hapa. Nina watoto."

Nani wa kumlaumu? Sote tunaikumbuka Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilivyolipuka pale Msamvu na kuua watu zaidi ya mia. Tangi lililobeba mafuta, hata likionekana tupu, mvuke wake umebaki. Cheche moja inatosha.

Dalali aliapa kwa marehemu wake wote kwamba ni harufu ya rangi mpya. Ili kumaliza ubishi, fundi akamimina madumu matano ya maji ndani ya tangi, akalifunga. "Tuonane asubuhi."

Usiku ule tulikula ndizi na samaki, na hakuna aliyeongea. Bibi alingoja Mjomba akaoge, ndipo akaanza.

"Unajua kipande anachokiuza kilipata wapi rutuba?" aliniuliza. "Babu yako alikuwa na ng'ombe watano hapa hapa. Mchana wanalishwa kule rweya, nyikani, penye nyasi tupu. Jioni wanarudi. Mavi yao ndiyo migomba hii. Udongo wa huku mvua inauosha, bila ng'ombe hakuna kibanja. Kila asubuhi nilikuwa nazoa mimi."

Akanyamaza akitafuta kahawa kwenye kikapu.

"Ng'ombe ndiye aliyelisha kibanja. Sasa kibanja kiuzwe ng'ombe apate maji. Labda ni sawa. Mimi sijasoma. Lakini hao ng'ombe wake sijawaona hata mavi."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Alisikia yote. Akapita kimya kwenda kulala.

Asubuhi tulifungua bomba la nyuma la tangi, tukakinga kwenye karai jeupe la Bibi. Juu ya maji kulikuwa na utando, umejipaka rangi za upinde wa mvua, bluu, zambarau, njano. Mzuri kwa kweli, kama si kwamba ni sumu. Mjomba alilitazama lile karai muda mrefu. Bila shaka alikuwa anamwona mtamba wake akiinamisha kichwa kunywa.

"Ningewaua mwenyewe," alisema. "Tena kwa kibanja cha baba."

BIASHARA MPYA

Nilidhani tumemaliza, tunarudi nyumbani. Kumbe fundi naye alikuwa na akili yake. Lori lenyewe, alisema, si baya. Injini haimwagi mafuta, giaboksi haipigi kelele, chesesi haijapinda wala kuunganishwa. Ubovu ni breki, springi mbili na tairi nne. Mgonjwa ni tangi. Kwa nini tusinunue lori bila tangi?

Mazungumzo yalichukua siku nzima na kreti moja ya soda. Mwenye lori alitokea mwenyewe, akanuna, akaondoka, akarudi. Mwisho wa yote: lori bila tangi milioni 27. Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, na Mjomba hakutoa shilingi mpaka kadi halisi iko mezani na mwenye jina kwenye kadi amekaa kitini. Vijana wenzangu mnaonunua magari, hili lishikeni. Usimlipe mtu kwa maneno ya "kadi iko kwa shemeji Mwanza".

Fundi akajenga bodi ya mbao na vyuma, juu yake akafunga matangi mawili ya plastiki ya lita 2,500 kila moja, yamezungushiwa fremu ya chuma na mikanda ili yasitembee. Maji yakigawanywa kwenye matangi mawili, na yakijazwa mpaka juu, hayana nafasi ya kukimbia. Jumlisha uzito: lori 4,900, bodi na fremu kama 900, matangi 100, maji 5,000. Unapata 10,900. Chini ya namba ya kadi, na breki mpya juu yake. Bodi, matangi, breki na tairi vilikula milioni 5. Jumla 32.

Mahesabu yakabaki na mashimo mawili. La kwanza, pungufu ya milioni 2. La pili ndilo lililouma: lita 5,000 hazitoshi ng'ombe 140. Zinatosha 125.

Kwa mfugaji, kupunguza ng'ombe kwa hiari ni sawa na kukuambia wewe ukate mshahara wako mwenyewe. Mjomba aliizunguka ile karatasi ya hesabu siku mbili. Kwa watu wake idadi ndiyo heshima. Ukisema una 140, watu wanakuamkia mapema. Lakini mwisho alishika simu, akamwambia mchungaji wake achague 15 wapelekwe mnadani. Kwa pesa yao angeziba pengo la milioni 2, na iliyobaki aanze kuchimbia lambo lenye kina, ili boza liwe la dharura, lisiwe la kila siku ya Mungu. Maana hata maji ya lori yana bei yake. Kutoka penye kuchota mpaka kitaluni ni kilomita 22. Kwenda na kurudi 44. Lori likiwa limebeba linakula lita moja ya dizeli kila kilomita tatu, sema lita 14 au 15 kwa siku. Kiangazi cha siku 60 ni zaidi ya lita 840. Na kibali cha kuchota maji nacho ni lazima, mto si wa babu yake mtu.

Mnunuzi wa kipande alipokuja na milioni 12 zake, Mjomba alimkaribisha rubisi, wakanywa, akamwambia hauzi.

SAFARI YA KWANZA

Siku ya kumi na mbili tulitoka Ijuganyondo alfajiri, Mjomba, dereva na mimi. Nilipata dirisha langu hatimaye. Tukapita Kyaka, kwenye daraja lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin Novemba 1978 na baadaye likajengwa upya. Chini Mto Kagera unapita mzito, rangi ya chai ya maziwa. Ukishavuka, nchi inafunguka. Migomba inakuacha. Mbele ni nyasi, mbuga, na anga kubwa kupita kiasi.

Tulichota, tukaingia kitaluni saa nne. Ng'ombe walikuwa wamelala kwenye kivuli chembamba. Utingo alipofungulia bomba na maji yakaanza kupiga kwenye birika la saruji, mmoja aliinua kichwa. Halafu wa pili. Halafu nchi nzima ikasimama, pembe tupu, zinakuja kama msitu unaotembea. Nilipanda juu ya bodi, siwafichi. Mimi ni mtoto wa mjini.

Walikunywa bila kelele. Sauti ni ile ya kufyonza tu, ng'ombe 125, na Mjomba anazunguka katikati yao akiwaita kwa majina, kila mmoja. Hakuniambia neno la historia. Alishika mgongo wa ndama mmoja akasema, "Huyu mama yake ni yule." Nikaelewa ni yupi.

Matangi yalipokwisha, dereva akawasha gari. Mjomba akamzuia. Akawaita wachungaji, wakaleta makoleo na magunia. Lori lililokuja na maji lilirudi Bukoba na samadi, magunia thelathini kati ya matangi matupu, na harufu yake tuliivuta mpaka Ijuganyondo.

Bibi alikuwa kibarazani. Alilitazama lori, akayatazama magunia yakishushwa. Akainuka taratibu, akafungua gunia moja, akaingiza mkono ndani, akasugua kwa vidole kama anayepima unga.

"Ni kavu mno," alisema. "Lakini yatafaa. Anzeni na ile migomba ya barabarani."

Ile ya kwenye kipande kilichokuwa kiuzwe. Mjomba akavua shati lake la kalamu mbili, akabeba gunia la kwanza mwenyewe.

Nilirudi Mwanza na mkungu wa ndizi na nguo zinazonuka zizi. Mama alinifungulia mlango, akaziba pua, akauliza neno moja tu: "Kibanja?"

"Kipo," nikamwambia. "Naomba maji ya kuoga."

Bombani hayakuwepo. Si unajua tena Mwanza yetu na mgawo wake. Haya msomaji wangu, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.